Kamili wa Lellis, Rafiki wa Wanaoambiwa Walijitakia



Leo nawaletea mtakatifu ambaye ujana wake haukufanana hata kidogo na zile picha za makanisani. Kamili wa Lellis alizaliwa tarehe 25 Mei 1550 huko Bucchianico, Italia. Baba yake alikuwa askari, na mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Kamili akakua, mrefu, mwepesi wa hasira, akaingia jeshini kama baba. Kamari ikamnasa. Inasimuliwa kwamba kule Napoli alipoteza hadi shati alilovaa.

Mguuni alikuwa na kidonda kisichopona. Kilimpeleka hospitali ya San Giacomo, Roma, akawa anatibiwa na kufanya kazi hapohapo. Lakini kwa kamari na ugomvi wake, akatimuliwa.

Tarehe 2 Februari 1575, akiwa kibarua wa ujenzi kwa Wakapuchini wa Manfredonia, neema ilimkuta njiani. Akalia, akatubu. Alitaka kuwa Mkapuchini, ila kidonda kikamzuia. Basi akarudi San Giacomo, ileile iliyomfukuza, safari hii kuhudumia, na baadaye akawa msimamizi wake. Aliona jinsi watumishi wa mshahara walivyowatelekeza wagonjwa. Mwaka 1582 akapata wazo la kukusanya watu watakaowahudumia kwa upendo, kama mama anavyomuuguza mwanaye. Akiwa na miaka zaidi ya 30 alikaa darasani na watoto, akapewa upadre mwaka 1584. Mwaka 1591 Papa Gregori XIV alilikubali shirika lake, lenye nadhiri ya nne: kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha maisha. Alama yao ni msalaba mwekundu.

Kazi yao mojawapo ilikuwa kukaa na wanaokufa. Leo mahospitalini kuna kitu kinachofanana na hicho, kinaitwa huduma shufaa.

Kwa nini nawaambia haya? Kwenye mazoezi ya kichungaji nilitembelea wodi yenye wagonjwa wa ini lililoharibiwa na pombe. Tumbo limejaa maji, macho ya njano, miguu imebaki mifupa. Kitandani kwa mmoja wao hakuna ndugu aliyekuja. Jirani yake akaniambia nisijichoshe, yule alijitakia mwenyewe.

Mimi nimesoma falsafa, na naona hapo tunachanganya maswali mawili. Nani kasababisha ugonjwa ni swali moja. Nani anastahili kuhudumiwa ni lingine kabisa, na jibu lake halitegemei la kwanza. Mtu haongezewi utu kwa kuishi vizuri, wala haupotezi kwa chupa. Halafu tukumbuke, pombe ikishamteka mtu, kuacha si suala la kuamua tu asubuhi moja. Kamili alijua kutekwa kulivyo.

Huduma shufaa si kumkatia mtu tamaa. Inaweza kwenda pamoja na matibabu mengine, tena ianze mapema. Maji ya tumboni hupunguzwa, muwasho na maumivu hutulizwa kwa dawa ambazo daktari amezipima, maana ini bovu halivumilii kila kidonge. Mgonjwa akianza kuongea ovyo, usidhani kalewa: huenda ni sumu ambazo ini limeshindwa kuziondoa, zimefika kwenye ubongo. Mwite muuguzi, inatibika. Na familia nayo husikilizwa, maana mara nyingi imebeba hasira na aibu ya miaka.

Sisi vijana tunaweza nini? Kukaa kitini. Kumlowanisha midomo, kama muuguzi ameruhusu. Kumwita padre mapema, kwa sababu Mpako wa Wagonjwa si wa anayekata roho tu, na mtu anahitaji kuungama akiwa bado anaweza kusema. Na kama kwenu kuna mjomba anayefichwa chumba cha nyuma kwa sababu hiyohiyo, anza na yeye.

Kamili alifariki Roma tarehe 14 Julai 1614, na kile kidonda hakikuwahi kupona. Mwaka 1886 Papa Leo XIII alimtangaza msimamizi wa wagonjwa na hospitali, pamoja na Yohane wa Mungu. Aliyefukuzwa hospitali ndiye anayeziombea zote.

Mtakatifu Kamili wa Lellis, utuombee.