Pyotr Kapitsa, mwanafizikia aliyefungiwa mpaka

Wasemao Kiswahili walioko Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia, wanajua uzito wa mpaka. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na kuanzia mwaka 2017 maelfu walivuka wakikimbia mapigano. Wengi wao walipewa hifadhi katika makazi ya Mantapala. Pyotr Kapitsa, mwanafizikia wa Urusi, yalimfika kinyume chake: alirudi kwao kwa matembezi, akazuiwa kutoka.

Alizaliwa Kronstadt mwaka 1894. Baada ya mapinduzi, maradhi ya mlipuko yalimwondolea baba, mke na watoto wawili katika majira mamoja ya baridi. Mwaka 1921 alikwenda Cambridge, Uingereza, kufanya kazi chini ya Ernest Rutherford. Alimbandika mwalimu wake jina la Mamba, na maabara yake mpya ilipofunguliwa mwaka 1933, mamba alikuwa amechongwa ukutani. Mvuvi wa Mweru huenda asione heshima yoyote katika jina hilo.

Kapitsa alizalisha nguvu kubwa za sumaku ili aone namna metali zinavyobadilika zikiwa katika baridi kali. Baridi hiyo hupatikana kwa heliamu, gesi ambayo mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwapo kwa wingi karibu na Ziwa Rukwa, Tanzania. Hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Barafu ya wachuuzi wa samaki ni moto mbele yake.

Mwaka 1934 serikali ya Stalin ilimzuia asirejee Cambridge. Rutherford alishindwa kumtoa, akakubali mitambo iuzwe kwa Wasovieti kwa pauni 30,000, ili angalau kazi isife. Huko Moscow, mwaka 1937, Kapitsa aliona kwamba heliamu ikipoa kupita nyuzi 271 chini ya sifuri hupenya ufa mwembamba mno kana kwamba haina mnato. Joto nalo hupita ndani yake upesi hata mapovu ya mchemko hukoma ghafla, kama sufuria iliyotulia ilhali makaa yangali yanawaka. Hali hiyo aliiita supafluidi. John Allen na Don Misener waligundua jambo hilo hilo Cambridge, katika maabara aliyoiacha, na taarifa zao zilichapishwa pamoja na yake Januari 1938.

Aliyeweza kuieleza ajabu hiyo alikuwa kijana Lev Landau, lakini mwezi Aprili mwaka huo alikamatwa na polisi wa siri. Kapitsa alimwandikia Stalin, kisha Molotov, katika siku ambazo kumtetea mfungwa kulitosha kumfanya mtu afungwe naye. Mwaka 1939 Landau aliachiliwa kwa dhamana ya Kapitsa mwenyewe, na mwaka 1941 alitoa nadharia ambayo baadaye ilimpatia Tuzo ya Nobel.

Kapitsa alikosana na Beria, mkuu wa mradi wa bomu la atomiki, na mwaka 1946 alivuliwa ukurugenzi. Alifanya majaribio katika nyumba yake ya shamba hadi aliporudishwa mwaka 1955. Cambridge aliiona tena mwaka 1966. Tuzo yake ya Nobel ilikuja mwaka 1978, akiwa na miaka 84. Katika hotuba yake alizungumzia utafiti mwingine, maana heliamu alikwisha kuiacha miaka 30 nyuma. Alifariki Moscow mwezi Aprili 1984.