Vasco da Gama na Maradhi ya Kiseyeye

Kila msimu wa machungwa twaona magari yakishuka mjini Morogoro kwa njia ya Bigwa, yakitoka Mkuyuni na Matombo, yamejaa matunda ya milima ya Uluguru hata mengine huanguka njiani na watoto huyaokota. Machoni petu ni kitu cha bei ndogo. Kwa hiyo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu mashuhuri wa zamani, ambaye watu wake walikufa kwa kukosa kitu hicho hicho, nao waliobaki wakakipata katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki.

Vasco da Gama alizaliwa katika miaka ya 1460 huko Sines, mji mdogo wa bahari katika nchi ya Ureno. Mfalme Manuel alimchagua kutafuta njia ya bahari ya kwenda Bara Hindi, naye akatweka tanga kutoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497, na merikebu nne na watu wapatao 150 au zaidi kidogo. Nduguye Paulo alikuwa mkubwa wa merikebu iitwayo São Rafael. Chakula chao kilikuwa mikate mikavu, nyama ya chumvi na divai. Kilishibisha, wala hakikuoza upesi, lakini hamkuwa na tunda wala jani bichi.

Hata Januari 1498 wakaingia katika mto karibu na Quelimane, nchi ya Msumbiji, wakakaa yapata mwezi mmoja kutengeneza vyombo vyao. Hapo maradhi yakatokea. Mikono na miguu ikavimba, ufizi ukafura na kufunika meno, wagonjwa wasiweze kula. Imeandikwa ya kuwa Paulo aliwazuru usiku na mchana, akawagawia dawa alizojiwekea mwenyewe.

Tarehe 7 Aprili wakafika Mombasa. Mfalme wa mji akawapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na mmoja wa wasafiri akaandika ya kuwa machungwa ya pwani hii yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. Wagonjwa wakapata nafuu. Walakini Wareno walisema ni hewa njema ya Mombasa iliyowaponya! Dawa ilikuwa mikononi mwao, nao wakaushukuru upepo.

Mombasa hawakuelewana na wenyeji, wakaenda Malindi, ambako Sultani aliwapokea vema na kuwapa rubani. Wakaondoka tarehe 24 Aprili, na kwa upepo wa kusi wakavuka bahari kwa siku 23 tu. Lakini katika kurudi Vasco da Gama hakungoja kaskazi ikae sawasawa, jambo ambalo nahodha yeyote wa pwani angalimwonya. Alitoka upande wa Bara Hindi tarehe 5 Oktoba 1498, akaionja bahari iliyolala na pepo za kinyume karibu miezi mitatu. Watu 30 wakafa kwa kiseyeye, juu ya 30 wengine waliokufa mwanzo. Walipoiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, katika kila merikebu walibaki watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi.

Tarehe 7 Januari wakatia nanga Malindi. Mkuu wao akampeleka mtu pwani mara moja kutafuta machungwa, kwa kuwa wagonjwa wenyewe waliyatamani sana. Sultani akayatoa. Walakini kwa wengi yalichelewa, wakafa pale pale Malindi. Siku chache baadaye, karibu na Tanga, São Rafael ikateketezwa kwa moto, maana watu wa kuiendesha hawakutosha. Paulo aliugua njiani akafa katika kisiwa cha Terceira, na katika wote waliotoka Ureno hawakurudi hata nusu.

Baada ya hayo Vasco da Gama alipewa heshima kubwa, lakini sisi wa pwani hii hatuwezi kumsifu kwa yote. Mwaka 1502 alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi, kisha akaichoma merikebu ya mahujaji pamoja na mamia ya watu waliokuwamo. Alikufa Cochin, katika Bara Hindi, tarehe 24 Desemba 1524.

Mabaharia waliendelea kufa. Mwaka 1747 tabibu wa Kiingereza, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, kila jozi dawa yake, na wawili waliopewa machungwa na malimau wakapona mbele ya wote. Hata hivyo jeshi la bahari la Uingereza halikuweka maji ya malimau kuwa amri mpaka 1795. Sababu yenyewe ilijulikana katika miaka ya 1930: ni vitamini C, ambayo mwili huitumia kufanyiza nyuzi zinazoshikamanisha nyama, ufizi na mishipa. Mbuzi hujitengenezea mwilini mwake, mwanadamu hawezi.

Asidhani mtu ya kuwa kiseyeye kilizikwa pamoja na merikebu za tanga. Mwaka 2017 na 2018 kiliwashika vijana wa Sudan Kusini katika kambi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya, waliokula zaidi nafaka na kunde. Miguu iliwauma hata kutembea kukawa shida. Matabibu hukikuta pia kwa wazee wanaokaa peke yao wakiishi kwa chai na mkate, kwa walevi, na kwa watoto wanaokataa kila chakula ila kimoja au viwili. Mara nyingi hakitambuliwi: ufizi ukitoka damu watu hufikiri ni meno, na miguu ikiuma husema ni baridi yabisi au uzee. Wachache huuliza mgonjwa amekula nini miezi mitatu iliyopita.

Mboga zikichemshwa mno na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea. Mapera, mapapai na ubuyu vinayo, na mzee asiye na meno aweza kukamuliwa chungwa. Miligramu 10 kwa siku zatosha kuzuia kiseyeye, na chungwa moja la kadiri lina kama 50 au zaidi.