Mohamed Amin, Mpiga Picha wa Njiani

Kijana wa Kisumu Ndogo, hapa Malindi, asimamaye kando ya barabara kuu kupiga picha vibao na magari, asidhani yeye ndiye wa kwanza. Marehemu Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza vivyo hivyo: angali mwanafunzi alipiga picha mbio za magari za Safari, mbio za vumbi na matope. Ulimwengu ulimjua kwa picha za njaa ya Uhabeshi, 1984. Mimi namkumbuka zaidi yule mtoto wa njiani. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkosesha mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Ngazija.