Al-Hasan bin al-Haytham

Kijana wa pwani aendaye kusoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Kirinyaga, pale Kutus chini ya Mlima Kenya, hukutana na elimu ya kujumlisha vipande visivyo na ukomo ili apime umbo lililopinda. Wako miongoni mwetu waidhaniao kuwa elimu ya kigeni, isiyomhusu Mwislamu. Kwa hiyo twaona yatupasa kumtaja mmoja wa waliotutangulia.

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra yapata mwaka 354 Hijria (965). Wanahistoria wasimulia kwamba alidai angeweza kuyatawala maji ya mto Nili, na Khalifa al-Hakim akamwita Misri. Alipoupanda mto hadi karibu na Aswan alitambua kuwa jambo lile haliwezekani, akarudi akakiri. Kisha, kwa kuiogopa ghadhabu ya Khalifa, alijifanya mwenda wazimu, akafungiwa nyumbani hata al-Hakim alipotoweka mwaka 411 (1021). Baadaye aliishi jirani na Al-Azhar, akipata riziki kwa kunakili vitabu, na akafariki yapata mwaka 430 (1040). Mwenyezi Mungu amrehemu.

Katika kazi zake alilizungusha tao la parabola juu ya mstari wa kitako chake, akautafuta ujazo wa umbo lililotokea. Alilikata vipande vyembamba, mfano wa sahani zilizopangwa, akavijumlisha. Vipande vikizidi wingi na wembamba, kosa hupungua hata likakosa pa kukaa. Akathibitisha kuwa umbo lile ni sehemu 8 katika 15 za mkebe ulizungukao.

Kwa fikra iyo hiyo, kijana wa Kutus apimapo nusu ya wimbi la sini, lenye kimo cha 1 na upana wa pai, hupata eneo la 2 barabara. Na jina sini lenyewe latokana na tafsiri ya Kilatini ya neno la Kiarabu, jaib.

Lakini tusijidanganye. Kanuni za jumla za hesabu hizi zilipangwa Ulaya na Newton na Leibniz katika karne ya 17, na kujisifia mababu hakufumbui hesabu hata moja. Ibn al-Haytham alisoma vitabu vya Wayunani bila kuona haya, akawasahihisha walipokosea, naye alipokosea alikiri.

Basi enyi wazazi, wapelekeni wana wenu, wa kiume na wa kike, wakaisome elimu hii. Mwacha chake si mwungwana.