Friedrich Miescher, mtu aliyetoa mali ndani ya usaha

Nyinyi watu wa mgodi munajua kama jiwe peke yake si shaba. Inafaa kulivunja, kuliosha, kulipitisha mu asidi, ndipo shaba itoke. Kazi ya namna ile njo Friedrich Miescher alifanya, lakini yeye alichimba mu mwili wa mtu.

Alizaliwa mwaka 1844 kule Basel, inchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa munganga, naye akasomea uganga. Lakini ugonjwa ulikuwa umemharibia masikio, na munganga asiyesikia vizuri atapimaje wagonjwa? Basi mwaka 1868 akaenda Tübingen, Ujerumani, kwa mwalimu Hoppe-Seyler. Alitumikia mu jiko la zamani la ngome.

Toka lopitali ya karibu alipata bande za vidonda zenye kujaa usaha, vitu vya kutupa. Aliziosha na maji ya chumvi, akapata seli nyeupe za damu. Akatia dawa aliyoitoa mu tumbo la nguruwe, yenye kuyeyusha protini. Viini vya seli vikabakia. Mwaka 1869 akatoa ndani yao kitu cheupe chenye fosfori mingi, akakiita nukleini. Njo ile leo tunaita ADN. Mwalimu hakukubali upesi: alirudilia kazi yote yeye mwenyewe, na habari ikatangazwa mwaka 1871.

Aliporudia Basel, Miescher alitumia mbegu za samaki salmoni wa mto Rhine. Juu ya joto kuharibu nukleini, alitumika wakati wa baridi kali, mu chumba bila moto. Mwishoni kifua kikuu kikamkamata. Alikufa Davos mwaka 1895, na miaka 51 tu.

Hakujua kama alishika kile kinachopitisha urithi toka mzazi mpaka mtoto. Wataalamu wa New York walionyesha vile mwaka 1944. Mwaka 1973, kule Marekani, wengine wakakata jeni, wakaitia mu mikrobi, nayo ikazaa nakala mingi. Kwa njia ile njo insulini ya wagonjwa wa sukari inatengenezwa leo. Na hata leo, mbele ya kukata jeni, mara mingi inafaa kwanza kufungua seli, kuondoa protini na kubakiza ADN, sawa vile Miescher alifanya na bande zile chafu.