Ndovu wa Kwenye Chupa

Msomaji usinishangae: ulevi sijauonja, alhamdulillahi. Lakini nilipopita Lodwar, njiani kwenda Nariokotome, jua lilinikimbiza hadi kivulini mwa duka la bia. Kila chupa ilikuwa na kichwa cha ndovu. Vijana waliokuwa wakinywa walimjua ndovu; aliyewaletea ndovu huyo hawakumjua.

Ni George Hurst, mlowezi wa Kizungu. Mwaka 1922, yeye na nduguye Charles walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka, nje kidogo ya Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899. Disemba hiyo hiyo kreti 10 za mwanzo zilifikishwa Hoteli ya Stanley, kwa wazungu. Mwafrika sheria ilimkataza bia ya chupa.

Faida hakuiona. Mwaka 1923 alikwenda kuwinda, ndovu akamuua. Bia ikaitwa Tusker, yaani ndovu mwenye pembe, ati kwa kumkumbuka marehemu! Sisi maiti wetu twamsomea khitima, na jina lake likatajwa. Huyu lililobaki midomoni mwa watu ni la muuaji wake.

Nilipokwisha kusimulia, kijana mmoja aliigeuza chupa yake, akamtazama yule ndovu kwa muda.