Padre Henslow, Mwalimu wa Mimea

Twapenda kumkumbuka Padre John Stevens Henslow, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1796. Tangu mwaka 1825 alikuwa profesa wa elimu ya mimea katika chuo kikuu cha Cambridge. Hakufundisha kwa maneno matupu, bali aliwapa wanafunzi maua mikononi wayapasue na kuyatazama, tena aliwaongoza mashambani. Charles Darwin alikuwa mmoja wao. Bustani ya chuo ilikuwa ndogo. Henslow akasihi kwa miaka mingi, hata bustani mpya ikafunguliwa mwaka 1846.

Lakini twastaajabia zaidi kazi yake ya Hitcham, kijiji cha Suffolk, alikofanywa padre wa mtaa mwaka 1837. Aliwakuta watu katika umaskini mwingi. Akafungua shule, akawafundisha watoto wa vibarua habari za mimea, hata wakajua majina yake ya Kilatini. Akawagawia vibarua vipande vya ardhi, kila mtu apate kulima chakula cha nyumbani mwake. Wenye mashamba makubwa wakampinga, wakihofu ya kuwa vibarua watamaliza nguvu zao huko. Wala hakurudi nyuma. Akaweka maonyesho ya mazao, na zawadi kwa waliolima vema.

Alifariki Hitcham mwaka 1861, akazikwa huko kati ya watu wake. Basi, sisi tulio na shamba la shule, tusilifanye kuwa adhabu ya watoto. Na liwe darasa lao.